MASHINE YA KUONEA SAMAKI: TUNUNUE IPI, NA NANI AILIPE?

Msimu wa kahawa ukimalizika, huku kwetu Mutaho swali huwa ni lile lile: fedha kidogo tuliyoibakiza tuiweke wapi isiyeyuke mikononi? Wengine hununua mbuzi, wengine hukodi shamba. Lakini wapo wenzetu wa stesheni za kahawa, na akina mama wanaouza ndagala kavu sokoni, ambao vikundi vyao vya akiba vimeshirikiana na jamaa walioko ziwani, Rumonge na Nyanza-Lac, wakanunua fungu katika mtumbwi wa kuvulia. Nao wenzetu wa mashamba ya michikichi ya Rumonge wanaishi ukingoni mwa ziwa, na wengi wao wana ndugu au mtoto anayekwenda majini usiku.

Wenzetu hao wametuuliza jambo moja: je, inafaa kununua ile mashine inayoonyesha samaki walio chini ya maji? Ikiwa inafaa, ya bei gani? Na kama mwenye mtumbwi amekwisha kuinunua, je, ana haki ya kuikata katika fungu la wavuvi?

Jibu letu kwa ufupi ni hili: mashine ndogo ya bei ya chini inatosha kwa ziwa letu, usilipe zaidi; na kabla haijafungwa mtumbwini, andikeni nani anailipa na malipo yanakwisha lini. Sasa tueleze sababu, moja baada ya nyingine.

MASHINE HII NI KITU GANI

Mtu akipiga kelele mbele ya mlima, sauti humrudia. Huo ndio mwangwi. Mashine hii hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya maji. Ina sehemu mbili: kioo ambacho mvuvi anakitazama, na kichwa kinachozamishwa majini. Kichwa hutoa mlio ambao sikio la mtu haliusikii. Mlio unashuka, ukigonga kitu unarudi, na mashine inahesabu muda uliopita.

Majini sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde moja, zaidi ya mara nne kuliko hewani. Kwa hiyo mlio ukirudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, umekwenda na kurudi mita 150. Maana yake kitu kilichougonga kiko mita 75 chini. Hesabu hiyo mashine inaifanya yenyewe mara nyingi kila dakika.

Kinachorudisha mlio zaidi katika mwili wa samaki si nyama wala magamba, bali ni kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwake. Ndagala ni mdogo, lakini naye anacho. Mmoja peke yake haonekani vizuri. Wakikusanyika maelfu, huonekana kiooni kama wingu.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka 1948 ndugu wawili wa ukoo wa Furuno, mafundi wa umeme katika mkoa wa Nagasaki kule Japani, ndio walioifanya mashine hii ikawafaa wavuvi wa kawaida. Na katika Tanganyika yetu, mradi wa utafiti uliosimamiwa na shirika la FAO kwa fedha za Finland, ulioanza 1992 na kuwa na makao yake Bujumbura, ulitumia meli iitwayo Tanganyika Explorer na mashine za mwangwi kupima wingi wa samaki katika ziwa zima. Zamani ilikuwa chombo cha meli na wataalamu. Leo imekuwa ndogo kama redio ya mkononi, na ndiyo maana swali limetufikia sisi.

Lakini tuelewane: mashine hii haiiti samaki, wala haivui. Tena haioni mbele wala pembeni. Mashine ya kawaida huona chini ya mtumbwi tu. Taa ndiyo inayowaita ndagala, wavu ndio unaowapandisha. Mashine inamwambia mvuvi kama waliokuja ni wengi au wachache, na wako kina gani.

ZIWA LETU LINATUPUNGUZIA GHARAMA

Hapa ndipo mnunuzi asiyejua hupoteza fedha yake. Muuzaji atamwambia: "Ziwa Tanganyika ni refu sana kwenda chini, chukua hii kubwa inayofika mbali." Ni kweli kwamba ziwa letu ni la pili duniani kwa kina, pale penye kina kuliko pote pana kama mita 1,470. Lakini samaki hawakai huko.

Samaki huvuta hewa iliyoyeyuka majini. Katika Tanganyika maji ya juu na maji ya chini hayachanganyiki sawasawa, kwa hiyo hewa hiyo hubaki juu tu. Upande wa kaskazini, ulio wetu, huishia kwenye mita 100 hivi; upande wa kusini, karibu na Zambia, hufika kama mita 200. Chini ya hapo ni maji yasiyo na uhai wa samaki hata mmoja. Tena ndagala mchana hushuka, usiku hupanda karibu na juu, na taa huwavuta zaidi. Mukeke naye huwafuata kwa sababu ndio chakula chake.

Basi, ndugu, mashine ya mvuvi wa usiku wa upande wetu inatakiwa kuona vizuri mita 100 za kwanza. Anayelipia mita 600 analipia maji matupu.

AINA TATU UTAKAZOZIKUTA

Ya kwanza ni ile ya kutupa majini kama mpira, inayopeleka picha kwenye simu. Ni nyepesi na haihitaji kufungwa. Lakini nyingi za bei ndogo huishia mita 40 hivi. Batri yake ya ndani ni ya saa chache. Na simu yenyewe, usiku kucha kwenye maji na mikono yenye magamba, haitadumu. Hii inamfaa mtu wa ndoana karibu na ufuko. Kwa kazi ya taa na wavu hatuishauri.

Ya pili ni mashine ndogo yenye kioo chake, kama upana wa kiganja, na kichwa chenye waya. Garmin, Lowrance na Humminbird wote wamezitengeneza, na yapo majina mengine. Hii ndiyo ya kutafuta.

Ya tatu ni ile kubwa yenye ramani, yenye kuona pembeni na yenye picha kama za sinema. Ni ya watu wanaovua kwa kujifurahisha huko Marekani na Ulaya, au ya meli. Bei yake inaweza kununua wavu na taa na fedha ikabaki.

MAMBO SITA YA KUTAZAMA

Kwanza, namba za mlio. Kwenye boksi utaona 200, au 83, au 50, au mbili kwa pamoja. Namba kubwa, yaani 200, ina mlio mwembamba: huona eneo dogo lakini kwa usafi. Namba ndogo hueneza mlio na hushuka zaidi, lakini picha yake ni nzito. Kwa ndagala, 200 inatosha. Ikiwa na 200 na 83 pamoja kwa bei ile ile, ni afadhali zaidi.

Ili ujue eneo linaloonekana, shika kanuni hii: mashine ya mlio wa nyuzi 20 huona duara lenye upana wa karibu theluthi moja ya kina. Kwenye mita 30 huona upana wa mita 10 na kidogo. Kwenye mita 60, kama mita 21. Nje ya duara hilo ni giza.

Pili, kina kilichoandikwa. Namba ya boksini imepimwa kwa kutafuta sakafu ngumu katika maji yaliyotulia. Ndagala si sakafu; mwangwi wake ni dhaifu. Ikate namba hiyo katikati, ndipo uanze kufikiri. Boksi linalosema mita 200 ndilo linalokaribia mita 100 zetu.

Tatu, ni lazima mashine iweze kupangwa kwa mkono. Jambo hili wengi hawalijui. Ukiwa mbali na ufuko, sakafu ya ziwa iko mamia ya mita chini. Mashine iliyoachwa ijiongoze yenyewe huhangaika kuitafuta, na kiooni namba hurukaruka. Mvuvi anatakiwa kuiambia: "Nionyeshe kutoka juu hadi mita 100 tu." Isiyoweza kuambiwa hivyo, iache dukani.

Nne, umeme. Mashine hizi hutumia batri ya volti 12. Tuseme yako inakula nusu ampea. Usiku wa saa 10 ni ampea-saa 5. Lakini batri ya risasi ikimalizwa kabisa kila usiku hufa mapema. Itumie nusu tu. Basi unahitaji batri ya ampea-saa 10 au 12. Batri ya pikipiki ya ampea-saa 7 itakupa saa 7 tu, si hadi alfajiri. Tena usiunganishe mashine na taa kwenye batri moja. Baadhi ya taa za kisasa huingiza mikwaruzo kiooni, na mvuvi akadhani ni samaki.

Tano, kioo. Kazi ni ya usiku, kwa hiyo rangi nyingi si muhimu. Muhimu ni kiwe na mwanga unaoweza kupunguzwa, na kisiingize maji.

Sita, waya na kichwa. Uliza kama vinauzwa peke yake. Kichwa kikivunjika na huwezi kupata kingine, mashine yote imekwisha.

Kuhusu GPS, yaani kinachokumbuka mahali ulipopita: ikiwa imo kwa nyongeza ndogo, inafaa kukurudisha nyumbani wakati wa ukungu au mvua. Kwa kutafuta samaki haina faida kubwa, maana ndagala hawana nyumba. Leo wako hapa, kesho wamehama.

HILA YA DUKANI

Muuzaji akiwasha mashine juu ya meza na ukaona samaki wanapita kiooni, usishangilie. Mashine nyingi zina picha za mfano za kuvutia wanunuzi. Samaki hao hawapo. Hakuna maji mezani. Mwambie azime picha hizo. Kichwa kikiwa nje ya maji, mashine nzima na ya kweli haitoi kina cha kuaminika.

Usiijaribu kwenye ndoo, ndoo ni fupi mno. Mjaribu ufukoni, mtumbwini, kabla fedha haijatoka. Chukueni kamba yenye jiwe, mliyoitia mafundo kwa pima au kwa mita. Shusheni jiwe mahali penye mita 10, kisha mita 20, mkalinganishe na namba ya kioo. Hakikisheni mashine imewekwa kwa mita, si kwa futi, maana futi 60 ni mita 18 tu, na kosa hilo linaweza kupeleka wavu pasipofaa. Muuzaji akikataa jaribio hili, mwacheni na bidhaa yake.

KUIFUNGA NA KUISOMA

Kichwa kisifungwe ndani ya mtumbwi wa mbao kwa kutumaini mlio utapenya. Ubao una hewa ndani yake, nayo huumeza mlio. Kifungeni kwenye mti imara ubavuni, kikae majini chini ya sakafu ya mtumbwi, kikitazama chini wima, mbali na mapovu ya injini. Kwenye katamara, ile mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, kiwekeni upande wa ndani, ili kitazame pale wavu unapofunguka.

Picha inayokwenda kiooni si picha ya sasa yote. Ukingo wa kulia tu ndio wa sasa hivi. Kushoto ni yaliyopita. Mtumbwi ukiwa umesimama, samaki mkubwa mmoja aliyetulia chini yake huandika mstari mrefu, na asiyejua husema ni samaki wengi. Wingu nene chini ya taa ni ndagala. Mistari mizito chini au pembeni mwa wingu mara nyingi ni mukeke wanaowinda. Wavu nao hurudisha mwangwi: utauona kama mstari, na hapo ndipo faida ilipo, kwani wingu likiwa juu ya mstari huo, wakati wa kuvuta umefika. Likiwa chini yake, mkivuta mnapoteza nguvu zenu.

Zipo mashine zinazochora alama ya samaki mwenye mkia. Zimeni alama hizo. Mashine haijui samaki. Ikigonga kitu chochote, hata takataka, huchora mkia. Na mitumbwi miwili yenye mashine za namba moja ikikaribiana, kila moja husikia mlio wa mwenzake na vioo huchafuka.

Ujuzi wa wazee usitupwe. Mbalamwezi ikiwa kamili, taa hushindwa na mwanga wa mwezi, na hakuna mashine itakayobadilisha hilo.

NANI AILIPE?

Sasa tumefika kwenye jambo linalotuhusu sisi kama chama. Ziwani mvuvi halipwi mshahara wa mwezi. Samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa gharama za usiku ule, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi. Mapatano hutofautiana kutoka ufuko hadi ufuko. Lakini popote, kila kinachoitwa "gharama" kinapunguza fungu la anayevuta wavu.

Mashine mpya inapoingia, neno "gharama ya mashine" nalo huingia. Tutoe mfano, namba hizi ni za mfano tu, si bei ya duka. Tuseme mashine, batri na waya vimegharimu franka 600,000. Kila usiku zinakatwa franka 10,000 kabla ya kugawa. Mtumbwi unatoka usiku 20 kwa mwezi. Baada ya usiku 60, yaani miezi mitatu, mashine imelipwa yote.

Je, makato yakiendelea? Kwa mwaka wenye miezi tisa ya kuvua, ni usiku 180. Mara 10,000 ni franka 1,800,000. Mashine moja imelipwa mara tatu. Tena kwa kuwa fedha imetolewa kabla ya kugawa, wavuvi wamechangia kila mara, lakini mashine ni ya mwenye mtumbwi peke yake. Akigombana nao kesho, ataondoka nayo.

Hatusemi mwenye mtumbwi asirudishiwe fedha yake. Ametoa mali, na ana haki. Tunasema njia za haki ni mbili. Ama mashine ni yake, ailipe katika fungu lake mwenyewe, kwa kuwa samaki wakiongezeka fungu lake nalo linaongezeka. Ama inalipwa na wote kabla ya kugawa, na ikiisha kulipwa iwe mali ya wote, na sehemu ya kila mmoja ijulikane. Njia ya tatu, ya kulipa wote na kumiliki mmoja, ni unyonyaji, hata kama anayeifanya ni jamaa yetu.

Vikundi vya akiba vya huku milimani navyo visijisahau. Mfanyakazi wa kahawa aliyenunua fungu la mtumbwi amekuwa mwenye mali kidogo. Yale tunayowadai wakubwa wa kazi tusiwafanyie wavuvi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni katika karatasi moja: bei yote ya mashine, kiasi kinachokatwa kila usiku, tarehe au usiku wa mwisho wa makato, nani anaitunza, ikizama au ikiibwa nani anabeba hasara, na mvuvi akiondoka analipwa nini. Someni karatasi hiyo mbele ya wote, kwa lugha wanayoielewa, na asiyejua kusoma asomewe mara mbili. Kila usiku makato yaandikwe mbele ya mashahidi wawili.

KABLA YA MASHINE, NA MIEZI YA KUFUNGWA

Fedha ikiwa ni kidogo, mashine si ya kwanza. Kwanza makoti ya kuokolea kwa kila mtu anayeingia mtumbwini. Pili wavu mzima. Tatu taa na batri nzuri. Mashine ni ya nne. Mtu hawezi kununuliwa tena kwa franka 10,000 za usiku.

Kumbukeni pia kalenda. Kwa mapatano ya nchi nne za ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kutoka 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana. Ulizeni ofisi ya uvuvi tarehe za mwaka wenu kabla ya kukopa, maana deni halifungwi pamoja na ziwa. Msipange kulipa mkopo katika miezi ambayo mtumbwi uko mchangani. Kwa bahati, sehemu ya miezi hiyo ni ya kahawa huku kwetu, na mwenye mikono anaweza kupata kibarua.

Kufungwa huko kuna sababu. Mwaka 2003 wataalamu walieleza katika jarida la Nature kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto, chakula cha samaki kimepungua kwa karibu asilimia 20, na huenda mavuno ya samaki yamepungua kwa karibu asilimia 30. Mashine haiongezi samaki ziwani. Inatusaidia tu tusivute wavu mtupu na tusichome mafuta bure. Tukiitumia kufuata kila wingu la ndagala wachanga, tutakuwa tumenunua macho ya kuutazama umaskini wetu ukija.

Ndugu wafanyakazi, kikundi chochote kinachotaka kununua kijiulize maswali haya matano. Je, inaona mita 100 za kwanza vizuri? Je, inapangwa kwa mkono? Je, batri yetu inafika alfajiri? Je, tumeijaribu kwa jiwe na kamba? Je, karatasi ya makato imeandikwa na kusomwa? Swali moja likikosa jibu, fedha ibaki kwanza katika sanduku la kikundi, na mleteni mjumbe wenu kwetu tujadiliane.